Mashine ya Mshipi na Adui Wake Chumvi

Katika vijiji vingi vya pwani vijana huingia baharini na ufito wenye mashine ya kukunjia uzi, ile ambayo mabaharia wa boti za Malindi, Watamu na Shimoni huiita rili. Wengine wameajiriwa katika boti zichukuazo wageni wapendao kuvua. Wengine wameungana watatu au wanne wakanunua mashine iliyokwisha kutumika, ili warambaze nguru na jodari kwa faida yao wenyewe. Mashine njema si kitu cha bei ndogo, huweza kumaliza akiba ya mtu ya msimu mzima. Nayo ikiachwa bila kutunzwa hufa upesi kuliko baiskeli. Nia ya makala hii ni kueleza kwa nini hufa, na jinsi mtu mwenye bisibisi, mswaki mkuukuu na chupa ndogo ya mafuta awezavyo kuifanya idumu miaka mingi.

Watu wengi hudhani ya kuwa mashine huharibiwa na samaki wakubwa. Samaki huiharibu mara chache. Kinachoiharibu ni chumvi, nayo hufanya kazi yake baada ya safari, mashine imetundikwa ukutani na mwenyewe amelala.

Ili kuielewa, yafaa tuanze na kitu ambacho kila mvuvi wa pwani anakijua, yaani mshipi wa mkono. Samaki mkubwa akishika ndoana, mvuvi haushiki mshipi kwa nguvu zake zote. Akifanya hivyo utakatika, au utamkata vidole. Huuacha uteleze katika viganja huku akiubana kidogo. Samaki apigapo mbio humpa, na achokapo humvuta. Kiganja ndicho breki. Basi mashine si kitu ila kiganja hicho kilichofanywa kwa chuma. Ina kipipa ambacho uzi huzungushiwa. Ina mabamba mawili ya duara, moja kuume na moja kushoto, yanayokishika kipipa kati yake. Ina mkono wa kuzungushia. Ina magurudumu mawili ya meno, kubwa na dogo, yafanyayo kipipa kizunguke mara mbili, tatu au zaidi, kila mkono uzungukapo mara moja. Tena ina breki, ambayo hukazwa na kulegezwa kwa kipande chenye ncha mfano wa nyota kilichopo karibu na mkono.

Breki yenyewe haionekani kwa nje. Imo ndani ya gurudumu kubwa la meno. Humo mna visahani vyembamba vilivyopandana kama sahani za kulia kabatini: kimoja cha chuma, kimoja cha ngozi au cha kitu kingine kinachosugua, tena cha chuma, tena cha ngozi. Baadhi ya vile vya chuma vimeshikamana na gurudumu, na baadhi vimeshikamana na mhimili wa mkono. Ukikaza nyota, visahani hubanana, na gurudumu haliwezi kuzunguka pasipo mkono. Ukilegeza, husuguana na kuteleza, na samaki aweza kuvuta uzi ingawa mkono umesimama. Msomaji na alishike neno hili la visahani, maana tutarudi kwalo.

Hapo kale mashine hazikuwa na breki ya namna hii. Mkono ulizunguka pamoja na kipipa, na samaki alipokimbia ulirudi nyuma kwa kasi ukawavunja watu vidole. Wavuvi walikizuia kipipa kwa kukibana kwa kipande cha ngozi chini ya kidole gumba. Mmarekani mmoja, William Boschen, alifikiri breki ya ndani, na fundi Julius vom Hofe akaitengeneza. Mwaka 1913 Boschen alivua kwa mashine hiyo samaki mwenye upanga mdomoni, uzito wake ratili 355, karibu na kisiwa cha Catalina upande wa California. Mwaka 1932 Otto Henze, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, alianzisha kampuni ya Penn katika mji wa Philadelphia, na mwaka 1936 kampuni hiyo ilitoa mashine iitwayo Senator. Nitaifanya hiyo kuwa mfano wetu, kwa kuwa imeenea sana na viungo vyake ni rahisi kufahamika. Katika miaka hiyo wageni walikuwa wamekwisha kuanza kuvua katika bahari yetu. Mwandishi Ernest Hemingway alivua Malindi mwaka 1934.

Sasa tuje kwa chumvi. Lita moja ya maji ya bahari huwa na gramu 35 hivi za chumvi. Boti ikirambaza, manyunyu huruka juu ya mashine, na uzi wenyewe hurudi umelowa, kila pindi likiingiza maji kidogo katika kipipa. Jua likikausha maji hayo, chumvi hubaki. Wala haitulii. Kila mama wa pwani anajua ya kuwa chumvi iliyo katika kopo jikoni hutota wakati wa masika, ingawa hapana mtu aliyeimwagia maji. Sababu yake ni kwamba chumvi huvuta unyevu ulio katika hewa. Na hewa ikiwa na unyevu upatao robo tatu ya ule inaoweza kuchukua, chumvi hugeuka kuwa maji. Huku kwetu usiku mwingi huipita kadiri hiyo. Basi mashine iliyowekwa jioni ikiwa kavu, alfajiri ina maji ya chumvi ndani yake. Mchana hukauka, usiku hulowa tena. Ni sawa na kuichovya baharini kila usiku, hata kama mwenyewe hajavua kwa mwezi mzima.

Chuma kikipata maji hayo hushika kutu, hilo lajulikana. Shaba hufanya ukoga wa kijani. Alumini, na hata kile chuma kiitwacho kisichoshika kutu, hulindwa na ngozi nyembamba mno isiyoonekana kwa macho, nayo chumvi huitoboa. Walakini ubaya mkubwa ni pale madini mawili yasiyo ya namna moja yagusanapo ndani ya maji ya chumvi. Hapo nguvu kidogo ya umeme hupita kati yake, kama ndani ya betri, na ile iliyo dhaifu huliwa. Parafujo ya chuma iliyotiwa katika bamba la alumini, kama ilivyo katika mashine nyingi, ni betri ya namna hiyo. Baada ya miezi michache utaona unga mweupe kuizunguka shingo ya parafujo, na siku utakapotaka kuifungua haitafunguka. Ukiilazimisha, kichwa hukatika.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya siku ile ile ya safari, kabla samaki hawajakatwa. Kaza breki, ili maji yasipenye katikati ya visahani. Kisha chukua kata ya maji matamu, umwagie mashine polepole huku ukizungusha kipipa, na uzi ulio juu upate kuoshwa pia. Yatosha kata mbili au tatu. Usiielekezee mpira wa maji wenye nguvu, kama nilivyoona wengine wakifanya wakidhani ndiyo bidii. Maji yenye kasi husukuma chumvi ndani, penye gololi na visahani, mahali ambapo isingefika yenyewe. Usiizamishe katika ndoo pia. Na maji yenyewe yaonjwe kwanza. Visima vingine vilivyo karibu na bahari vina maji ya munyu, na kuosha kwa maji hayo ni kubadili chumvi kwa chumvi. Heri kikombe kimoja cha maji ya mvua.

Ikiisha kuoshwa, ifute kwa kitambaa kikavu, uiweke kivulini penye upepo, kisha ulegeze breki kabisa. Wengi husahau hili la mwisho. Visahani vikikaa vimebanwa wiki baada ya wiki, ngozi hugandamana na chuma, na hapo breki si breki tena. Mashine ikikauka iwekwe katika mfuko wa nguo. Mfuko wa plastiki huonekana kuwa kinga njema, lakini huushika unyevu ndani usitoke.

Kuosha kwa nje hakutoshi mwaka mzima. Hapana budi kuifungua mara moja kwa msimu, na wakati unaofaa ni ule wa kusi kali, boti zikiwa zimepandishwa ufuoni. Chagua meza yenye mwanga, utandike kitambaa cheupe. Bisibisi iwe imeenea sawasawa katika mfereji wa parafujo. Ikiwa nyembamba mno itautafuna mfereji, na mashine iliyotafunwa vichwa vya parafujo hujulikana na kila mnunuzi kuwa imeshikwa na mtu asiye fundi. Kila kipande kitokacho kiwekwe kwa safu, kutoka kushoto kwenda kulia, kwa utaratibu ule ule kilivyotoka. Tena kichorwe. Mwalimu akiifanya kazi hii mbele ya wanafunzi, mmoja na afungue na mwingine achore, nao watajifunza mambo ya mashine kuliko ambavyo ubao ungewafundisha.

Anza kwa kuondoa mkono na nyota, kisha parafujo zilizoshika bamba la kuume. Bamba litatoka likiwa na magurudumu ya meno ndani yake, na kipipa kitabaki mkononi mwako. Ndani ya bamba hilo, katika Senator, mna kamani mbili ndogo mno zinazosukuma kile kipande kiunganishacho gurudumu dogo na kipipa. Hizo huruka kama panzi. Katika nyumba yenye sakafu ya mchanga, kamani iliyoruka haipatikani tena. Fanya kazi hiyo juu ya beseni, na mkono wako wa pili ukiwa umefunika. Mna pia ulimi mdogo wa chuma unaouzuia mkono usirudi nyuma, nao una kamani yake.

Vipande vyote vya chuma na vya shaba vioshwe kwa mafuta ya taa na mswaki, mbali na koroboi na moto wowote, mpaka grisi ya zamani na unga wa chumvi vitoke katika kila jino. Uzi na visahani vya ngozi visiguswe na mafuta hayo. Futa, kausha, kisha upake upya: grisi katika meno ya magurudumu, utando mwembamba wa grisi ndani ya mabamba, na grisi kidogo katika kila parafujo kabla ya kuirudisha. Hii ya parafujo ndiyo inayozuia ile betri niliyoieleza, kwa kuwa grisi huziba maji yasikae kati ya madini mawili. Grisi nzuri ni ile ya boti, isiyoondolewa na maji. Penye gololi, penye ulimi, na penye kishikio cha mkono, tia matone machache ya mafuta ya cherehani. Ulimi usipakwe grisi nzito hata kidogo. Grisi huunatisha usiinuke kwa wakati wake, mkono ukarudi nyuma ghafula, na mvuvi akapata lile pigo la vidole walilolipata watu kabla ya mwaka 1913.

Hapa sina budi kusema neno juu ya mafuta ya nyumbani. Wako wazee wasemao ya kuwa sifa, kwa kuwa hulinda mbao za jahazi, italinda mashine pia. Wengine hutumia mafuta ya nazi. Sifa ni dawa ya mbao. Katika mashine hukauka ikawa kama ulimbo. Mafuta ya nazi huchacha na kunata, na asubuhi ya baridi huganda. Mashine iliyotiwa mafuta hayo kwa msimu mmoja hutaka kazi ya siku nzima kuisafisha.

Visahani vya breki vyataka uangalifu wao wenyewe. Cha ngozi kikiwa laini na kisicho na doa, kifutwe na kupakwa kidogo mafuta ya kulainisha ngozi. Kikiwa kimekauka, kinang'aa kama kioo, au kina alama za kuungua, kitupwe. Vile vya nyuzi za kaboni, vilivyowekwa badala ya ngozi katika mashine nyingi, hufutwa na kupakwa utando mwembamba wa grisi iliyotengenezwa kwa kazi ya breki. Visahani vya chuma viwe bapa na laini. Kilichopinda hakinyoshwi kwa nyundo, hubadilishwa. Virudishwe kwa utaratibu ule ule vilivyotoka, na hapo mchoro wa mwanafunzi huwa na thamani yake.

Kwa nini nimekaza sana habari za visahani? Kwa sababu hapo ndipo samaki hupotea, na hapo ndipo watu hulaumiwa bure. Breki iliyo njema huanza kuteleza taratibu na huendelea kwa nguvu ile ile. Breki iliyoshikwa na chumvi hukataa kwanza. Samaki huvuta, haitoi. Huvuta zaidi, haitoi. Kisha huachia kwa mshtuko, na katika mshtuko huo uzi hukatika. Najua baharia mmoja aliyeachishwa kazi kwa sababu samaki wakubwa wawili walikata uzi katika wiki moja, na tajiri wake akasema ya kuwa mafundo aliyofunga ni mabaya. Mashine ilipofunguliwa baadaye, visahani vilikuwa vimegandamana kama biskuti zilizolowa. Mafundo yake hayakuwa na kosa.

Hata breki safi yataka kupimwa, isikisiwe. Kanuni itumiwayo na wavuvi ni kukaza breki ianze kuteleza kati ya robo na theluthi ya nguvu ya uzi. Uzi wa ratili 50, basi, breki yake iteleze penye ratili 12 hadi 16. Funga ncha ya uzi katika mizani ya kamani, ile wanunuzi wa samaki wapimiayo. Mwenzako ashike ufito ukiwa umeinuka. Vuta mpaka kipipa kianze kuzunguka, na usome hesabu. Kazi ya dakika mbili. Na mtu akitaka kumwonyesha tajiri ya kuwa amefanya kazi yake, amwite asome mizani mwenyewe.

Tena liko jambo ambalo vijana wengi hulifanya kinyume. Samaki akiwa amekwisha kwenda mbali na kipipa kinapungua, hushikwa na hofu wakakaza nyota. Na tufanye hesabu. Tuseme kipipa kikijaa uzi unene wake ni inchi 4, na breki imewekwa kuteleza penye ratili 15. Uzi ukitoka hata unene ukabaki inchi 2, breki ile ile, pasipo kuguswa, sasa hushika kwa ratili 30. Ni kwa sababu ya wenzo: uzi wavuta karibu zaidi na mhimili, na nguvu yake ya kuzungusha imekuwa nusu. Juu ya hayo uzi mrefu ulio majini huvutwa na maji yenyewe. Kwa hiyo samaki akiwa mbali, na alegezewe kidogo. Anayekaza wakati huo hukata uzi kwa mkono wake mwenyewe.

Juu ya uzi nitasema machache. Zamani ulikuwa wa kitani, nao uliozeshwa na chumvi. Ulipaswa kuanikwa kila jioni. Nailoni, ambayo kampuni ya DuPont ya Marekani iliitangaza mwaka 1938, haiozi, lakini hurefuka ikivutwa. Ikikunjwa wakati wa kupigana na samaki mzito huingia katika kipipa ikiwa imenyoshwa, na mapindi mamia yakitaka kurudi hali yake hukibana kipipa kwa nguvu ya kutisha; vipipa vya bakelaiti vilipasuka kwa sababu hiyo. Baada ya samaki mkubwa, uachie uzi wote nyuma ya boti usio na ndoana, kisha uukunje tena kwa mkono mwepesi. Pete za ufito nazo zipitishiwe pamba kwa ndani. Pamba ikinasa, pana mkwaruzo utakaokata uzi.

Mwisho, kwa wale wanaotaka kununua mashine iliyotumika. Usiangalie mng'ao wa nje, maana kitambaa na mafuta kidogo huung'arisha mzoga. Geuza mashine utazame chini ya mguu wake, pale unapofungwa katika ufito. Watu hawapaoshi, na chumvi hupenda kukaa hapo. Tazama shingo za parafujo kama zina unga mweupe. Kifungue kipipa kizunguke peke yake, usikilize: kikiguna kama kinu cha mkono, gololi zimekwisha. Legeza nyota, uvute uzi polepole kwa kidole, kisha ukaze kidogo na uvute tena. Ukisikia mikupuo badala ya mtelezo, visahani vimekufa. Hilo peke yake si sababu ya kuikataa, maana visahani vya Senator huuzwa peke yake na si ghali. Lakini muuzaji apunguze bei kwa kadiri yake, na kabla hujatoa fedha mwombe akuruhusu kulegeza parafujo moja ya bamba la kuume.